Kwa nini kwenye magemu ya RPG tunaishia kumhurumia adui kuliko steringi?

#1 Kisiki_cha_Mpingo

Wakuu, habari za jioni. Tahadhari mapema: humu ndani miisho ya magemu inatajwa waziwazi. Kama bado uko njiani na Final Fantasy VII, Witcher 3, Undertale au Persona 5 Royal, maliza kwanza ndiyo urudi.

Hoja yangu ni hii. Kwenye muvi, adui akichapwa nashangilia kama kila mtu. Tangu enzi za kibanda umiza tulipiga kelele steringi akimtia jambazi mkononi, na hakuna aliyewahi kuuliza jambazi kalelewa na nani. Lakini nikishika pedi, nikaingia kwenye RPG (gemu la kuvaa uhusika na kupanda leveli kwa leveli) na kuishi nayo wiki kadhaa, nikimfikia bosi wa mwisho mkono unakuwa mzito.

Mfano wangu ni Sephiroth wa Final Fantasy VII, ile ya PlayStation ya 1997. Watu wanakumbuka upanga na nywele. Mimi nakumbuka safari ya Nibelheim, pale Cloud, steringi unayemchezesha, anapowasimulia wenzake yaliyotokea miaka mitano nyuma. Kwenye simulizi ile Sephiroth yumo kikosini kwako. Wewe Cloud uko leveli 1, yeye leveli 50. Joka linawatokea njiani, linakulaza chini, yeye anakuinua na kulimaliza bila kutoka jasho. Huwezi hata kumwamrisha, anapigana apendavyo. Halafu mnafika kijijini, anajifungia kwenye maktaba ya chini ya lile jumba la Shinra, kampuni yenye nguvu ya dunia ile, anasoma makaratasi mchana na usiku kuhusu jinsi alivyotengenezwa, na anayetoka mle si yule aliyeingia. Anakichoma kijiji chote. Mbele ya safari, mwisho wa diski ya kwanza, anamuua Aerith, binti wa kikosini kwetu.

Namchukia kwa ajili ya Aerith. Na bado kila nikifika pambano la mwisho, akili inarudi kwenye maktaba ile.

Dai langu: ni ukaribu. RPG inakukalisha na adui muda mrefu, wakati mwingine inakutembeza naye kabisa, kwa hiyo siku ya kumpiga unampiga mtu unayemjua. Nataka kusikia wengine.

#2 Mtoto_wa_Ufuoni

Nimeweka kambi hapa. Tiririkeni.

#3 Fundi_Diski

Mkuu Kisiki, uzi mzuri, ila ukaribu peke yake hautoshi. Kefka wa Final Fantasy VI yuko nawe tangu mwanzo hadi dakika ya mwisho. Anatia sumu maji ya kasri la Doma, Cyan anakimbia chumba hadi chumba na kumkuta mke na mtoto wake wamekwisha. Baadaye anafanikiwa kuiharibu dunia, hatua ambayo maadui wengi hawaifikii. Tunampenda kwa kicheko na vituko, lakini sijawahi kukutana na mtu aliyemlilia. Luca Blight wa Suikoden II vilevile. Unampelekea vikosi vitatu vya watu sita sita, kisha unabaki naye ana kwa ana, na akianguka unashusha pumzi.

Tofauti ni dhuluma. Sephiroth alidhulumiwa. Ni mtoto wa Jenova, kizazi cha wale Cetra wa kale, Shinra wakamgeuza silaha. Mtu aliyeporwa asili yake ana haki ya kukasirika, hata kama hana haki ya kuchoma kijiji.

#4 Binti_Kizimkazi

Kaka Fundi, hapo rekebisha. Jenova si mama yake na wala si Cetra. Jenova ni balaa lililoshuka kutoka angani na kuwaangamiza hao Cetra. Baba mzazi wa Sephiroth ni Hojo, yule mwanasayansi, na mama yake ni Lucrecia. Walimtia chembe za Jenova akiwa bado tumboni, kisha akakua anaambiwa tu kwamba mama yake anaitwa Jenova. Kule maktaba alisoma makaratasi ya watu waliokuwa wamekosea wenyewe, maana mwanzoni Shinra walidhani Jenova ni Cetra.

Kwa hiyo aliteketeza kijiji kwa ajili ya ukoo usiokuwa wake. Na Hojo yupo, anaujua ukweli, kanyamaza. Mimi hapo ndipo pananichoma.

#5 Fundi_Diski

Asante dada, umeiweka sawa. Na hoja yangu inazidi kupata nguvu: dhuluma juu ya dhuluma.

#6 Mwalimu_wa_Zamu

Fundi, kwa kigezo chako cha dhuluma, Luca Blight naye tungemlilia. Akiwa mtoto alishuhudia mama yake akitendewa unyama na watu wa upande wa pili, na baba yake mfalme akakimbia kujiokoa. Hiyo dhuluma ndogo? Mbona haitusogezi hata inchi?

Naona jibu liko kwenye mpangilio. Luca unamjua kwanza kwa matendo. Kijiji kinawaka, mwanamke anaomba asamehewe, Luca anamwamuru alie kama nguruwe halafu anamkata hivyo hivyo. Hayo umeyaona kwa macho. Habari za mama yake zinakuja baadaye, kwa mdomo wa mtu mwingine, ukiwa umeshahukumu. Sephiroth ni kinyume chake, unamwona akiwa mtu kabla hujamwona akiwa moto.

Nina la pili. Steringi wa RPG mara nyingi ni mtupu, ameachwa wazi ili wewe umvae. Crono wa Chrono Trigger hasemi kitu karibu gemu zima. Anayetaka kitu kwa moyo wote ni adui. Magus alikuwa mtoto wa kifalme, Janus, aliyetenganishwa na dada yake Schala na kutupwa zama nyingine, na tangu hapo kila alichofanya ni kujiandaa kulipiza kwa Lavos, jitu linaloangamiza dunia. Ukikutana naye pale kwenye ncha ya mlima juu ya bahari, gemu linakuuliza upigane naye au umwache. Nilimwacha, akaingia kikosini kwangu. Sijajuta.

#7 Msee_wa_Menengai

Mwalimu, wewe umesamehe deni ambalo si lako. Frog je? Magus ndiye aliyemuua Cyrus, rafiki yake, halafu akamgeuza yeye mwenyewe chura. Frog ametembea na wewe, amekuponya, amekufa mara ngapi vitani kwa ajili yako, halafu siku ya siku unamwambia, pole bana, huyu aliyekuharibia maisha sasa ni mwenzetu, kula naye.

Mimi pale mlimani nilimtanguliza Frog wapigane wawili. Magus akafa. Na mwisho wa gemu Frog anarudi kuwa binadamu. Hiyo ndiyo huruma. Wengi wenu mnampenda Magus kwa sababu ana uchawi mkali na koti zuri, mseme ukweli.

#8 Mwalimu_wa_Zamu

Frog mwenyewe hadai damu. Ukimwacha Magus, Frog anakubali kwenda naye. Wewe ndiye uliyekuwa na kiu, Menengai.

#9 Msee_wa_Menengai

Anakubali kwa sababu ni muungwana! Muungwana akinyamaza haimaanishi haumii.

#10 Kete_Moja

Menengai kagusa kitu mkakipita haraka. Koti zuri. Mnazungumza falsafa, mimi nazungumza biashara. Angalieni Genshin Impact, gemu ambalo wadogo zetu wanalicheza kwenye simu kila siku. Tartaglia ni wa Fatui, kundi la maadui, anatupiga nchini Liyue kama bosi, na Novemba 2020 tayari anapatikana kwa kubahatisha, toa hela ujaribu bahati. Scaramouche alikuwa mtu wa kuchukiza kweli. Likaja simulizi kwamba alikuwa mwanasesere wa kwanza wa Raiden Ei, mungu mtawala, akatupwa kwa sababu alitoa machozi usingizini. Desemba 2022 huyo hapo, mhusika wa kuchezwa, jina jipya, kofia mpya. Arlecchino, Aprili 2024, njia hiyo hiyo.

Adui utakayemnunua lazima akusikitishe kwanza. Mdogo wangu alitumia vocha ya mwezi mzima kumtafuta Scaramouche, na ukimwuliza anakwambia anamwonea huruma. Huruma ile imepangiwa bei.

#11 Vumbi_la_Reli

Kete, hilo ni kweli kwa magemu ya kubahatisha, lakini halielezi ya zamani. Nenda Fallout ya kwanza, 1997. Adui anaitwa Master. Hana koti. Ni donge la nyama lililoungana na mashine, linazungumza kwa sauti zinazobadilika katikati ya sentensi, ya mwanamume, ya mwanamke, ya kompyuta. Anataka kuwageuza watu wote kuwa jitu moja la aina moja ili vita viishe, maana dunia imeshaungua kwa bomu na anaona binadamu wa kawaida hawatajifunza.

Sasa, unaweza kumpiga. Lakini pia unaweza kuzungumza naye. Ukiwa umekwenda kwa Brotherhood of Steel, kundi la wenye teknolojia, na kupata utafiti wa msomi wao Vree, unamwekea ushahidi mezani: majitu yako hayazai. Ni tasa. Taifa lako litakufa na kizazi hiki. Anabisha. Anaangalia. Anatambua ni kweli. Na anakata tamaa kabisa, anaanzisha mlipuko wa kujimaliza na kukwambia uondoke ungali na matumaini.

Hakuna risasi iliyotoka. Nilishinda kwa hoja na nilikaa nikitazama kioo kama niliyefanya kosa. Kilichoniuma ni kwamba alikubali ukweli. Watu wangapi wenye madaraka wanaoneshwa makosa yao na kuyakubali?

#12 Kete_Moja

Hapo umenipa kitu cha kufikiria, Vumbi. Ila ongeza hili: sauti. Wangemwandika bila sauti zile ungesoma maandishi na kubonyeza mbele.

#13 Binti_Kizimkazi

Naomba nilete mfano ambao unanisumbua, na nitasema kwa uchungu kidogo.

Bloody Baron wa Witcher 3, ya 2015. Kila orodha ya wahusika waliogusa watu haimkosi. Mlevi, mpiga mke, anatawala Crow's Perch kwa vitisho. Halafu linakuja lile tukio la usiku. Mimba iliyotoka haikuzikwa inavyopaswa, mtoto amegeuka kuwa kiumbe cha kutisha, na Baron anambeba mikononi kutoka kaburini hadi nyumbani, na wewe Geralt, steringi, unamtuliza kwa Ishara, uchawi wako mdogo, asije akamrarua. Anampa jina, Dea. Anaomba msamaha. Anamzika kwenye kizingiti.

Nililia, sikatai. Lakini nikajiuliza baadaye: Anna yuko wapi? Mke aliyepigwa tunamkuta kinamasini, akili imevurugika, mtumwa wa wale wachawi watatu. Mpigaji amepewa saa nzima ya kueleza moyo wake, usiku wenye mvua, muziki, na mwigizaji mzuri wa sauti. Mpigwa amepewa sentensi chache za mtu asiyejitambua. Ndiyo maana tunamhurumia Baron! Kipaza sauti kiko mkononi mwake.

Na hilo ndilo jibu langu kwa uzi wote. Tunamhurumia anayepewa nafasi ya kusema. Waathirika wa Sephiroth pale Nibelheim wana majina mangapi tunayoyakumbuka?

#14 Kisiki_cha_Mpingo

Dada, hili sikuwa nimelitazama upande huo. Tifa, mwenzetu kikosini, ni wa Nibelheim, baba yake aliuawa siku ile, na tunamsahau kwenye hesabu hii.

#15 Jirani_Mwema

Nimesoma #13 na nimeona niandike ingawa huwa nasoma tu.

Nimekulia nyumba ya namna hiyo. Baba alikuwa akilewa, asubuhi anaamka anatuletea maandazi na kuomba radhi mlangoni. Kwa hiyo Baron si mgeni kwangu. Sikumhurumia kwa sababu ya muziki. Nilimhurumia kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona gemu likionesha kwamba mtu wa aina ile anaweza kumpenda mtoto wake kweli na bado akawa amemwangamiza mama yake, na lile la kwanza halifuti la pili. Tamara, binti yake, hamsamehi, na gemu halimlazimishi. Hiyo ndiyo heshima.

Na miisho yote miwili ni mibaya. Ukimwachia huru yule roho aliyefungwa ndani ya mti, watoto yatima wanapona, Anna anakufa, Baron anajinyonga. Ukimuua roho, Anna anabaki hai bila akili, watoto hawaonekani tena, na Baron anamchukua mke wake kumpeleka kwa mganga milimani. Nilichagua huu wa pili, nikijua watoto wamelipia. Kwa nini nilichagua hivyo, sijui kama ni Anna nilikuwa namwokoa au ni mtu mwingine.

#16 Binti_Kizimkazi

Pole, ndugu yangu. Na asante kwa kuliandika. Bado nashikilia kwamba Anna alistahili saa yake, lakini la Tamara umelisema vizuri kuliko nilivyoliona.

#17 Kijana_wa_Laptopu

Samahani kwa kukatiza wakubwa, hiyo Witcher 3 inachezeka kwenye laptopu ya RAM 8 isiyo na kadi ya picha?

#18 Fundi_Diski

Kwa kadi ya ndani utaona katuni zinazotembea kwa kukwama. Anza na Undertale au Chrono Trigger, hata laptopu ya ofisini inazibeba. Hayo mengine tukutane jukwaa la ufundi.

#19 Msee_wa_Menengai

Kijana, ukianza Chrono Trigger usimsikilize Mwalimu. Linda Frog.

#20 Ndoto_za_Saikolojia

Niongeze la utafiti. Mwaka 2020 Rebecca Krause na Derek Rucker wa Northwestern University, Marekani, walichapisha kwenye Psychological Science kazi iliyoangalia watu na wahalifu wa hadithi za kubuni. Kwa kifupi, walikuta kwamba watu huvutwa na mwovu wa kubuni anayefanana nao kwa sifa, ilhali katika maisha halisi kufanana na mtu mbaya kunatukimbiza. Hadithi inakuwa eneo salama la kutazama upande wako wa giza bila kuchafuka.

Sasa ongezea hili. Mwaka huo huo John Ebenger, aliyewahi kufanya kazi BioWare, watengenezaji wa gemu hilo, alisema takriban 92% ya wachezaji wa Mass Effect walifuata njia ya wema, ile ya Paragon. Yaani gemu limekupa ruhusa ya kuwa mbaya, na tukaikataa kwa wingi. Tunataka kuwa wema kwa mikono yetu, na kuutembelea ubaya kupitia mtu mwingine. Adui anabeba yale tusiyothubutu kubonyeza.

#21 Vumbi_la_Reli

Ndoto, mchango mzito, ila utafiti huo hauhusu kushika pedi. Unahusu kupenda wahusika wa hadithi kwa jumla. Kisiki aliuliza kwa nini RPG inazidi muvi. Na hiyo 92% inaweza kuwa na sababu nyepesi: pengine mazungumzo ya wema yaliandikwa vizuri zaidi.

Wala sikubali kwamba tunakwenda kuutembelea ubaya kupitia adui. Kwenye RPG mbaya ni sisi. Hesabu ni miili mingapi umeiacha nyuma kabla hujafika kwa huyo bosi. Yeye kaua kijiji kimoja, wewe umeua kila kilichopita mbele yako ili upande leveli.

NieR ndiyo iliyonifungua macho, ile ya 2010 iliyotengenezwa upya 2021. Mzunguko wa kwanza unawaua vivuli, wanaguguma tu, hujui wanasema nini. Kule kwenye lundo la vyuma unapigana na roboti mkubwa mwenye kivuli kidogo begani. Unashinda, unafurahi. Ukirudia gemu mara ya pili, sasa lugha ya vivuli unaielewa. Kile kivuli kidogo ni mtoto, anaitwa Kalil, mama yake ameuawa pale pale, na yule roboti ni rafiki aliyejifunza kuzungumza kwa ajili yake. Walikuwa wanapanga kutoka nje wakaione dunia. Pambano ni lile lile, pigo kwa pigo. Huwezi kuruka, huwezi kusamehe.

Muvi haiwezi kunifanyia hivyo. Kwenye muvi angemuua mtu mwingine, mimi nikalaumu.

#22 Mwalimu_wa_Zamu

Vumbi umenikumbusha Flowey, ua linalozungumza kwenye Undertale, ya Toby Fox, 2015. Kabla wewe hujaja kule chini, yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kusevu na kurudi nyuma. Alianza kwa wema, akawa rafiki wa kila mtu, akatatua shida zao zote. Akachoka. Akajua kila mtu atajibu nini. Basi akaanza kuwaua ili aone watasema nini. Huyo ni nani kama si mchezaji aliyemaliza gemu mara nyingi na anatafuta kitu kipya?

Na ukimuua Toriel, mama anayekupokea mwanzoni, ukajuta, ukarudi kwenye sevu ya zamani na kumwacha hai, Flowey anajua. Anakwambia anajua ulichofanya. Mwanafunzi wangu mmoja alizima kompyuta hapo hapo, alidhani imeingiliwa.

Kumbe ndani ya lile ua ni Asriel, mtoto wa Toriel, aliyerudi bila roho na hawezi kumpenda mama yake tena. Unamhurumia nani hapo, yeye au wewe?

#23 Kisiki_cha_Mpingo

Kwa hiyo kundi moja linasema tunamhurumia kwa sababu tumemzoea, jingine kwa sababu kadhulumiwa, Mwalimu anasema mpangilio, Kete anasema soko, dada anasema kipaza sauti, na Vumbi anasema sisi ndio adui. Mbona yanapingana?

#24 Mzee_wa_Sungura

Wanangu, mimi nimeletwa humu na mjukuu. Magemu siyajui, ila nina swali. Hadithi tulizowapa utotoni zilimpa nani ushindi? Sungura. Mwizi, mwongo, anamtia Fisi shimoni, anakula mavuno ya wenzake na kusingizia wengine. Na watoto wote wanacheka upande wa Sungura. Sioni jipya katika kumpenda mwovu mwenye akili.

#25 Fundi_Diski

Shikamoo mzee, karibu sana. Lakini Sungura ni mdogo. Tunamshangilia kwa sababu Simba na Tembo ni wakubwa na yeye ana akili tu. Adui wa RPG ndiye Simba, ana jeshi, ana ngome, ana uchawi. Sungura kwenye gemu ni sisi.

#26 Mzee_wa_Sungura

Marahaba. Basi nieleze kwa nini Sungura anamlilia Simba.

#27 Nahodha_wa_Usiku

Mzee, nitajaribu kwa mfano wa Final Fantasy XIV, upanuzi wa Shadowbringers, 2019. Adui anaitwa Emet-Selch. Aliishi kabla dunia haijapasuliwa vipande, kwenye mji wa Amaurot, na karibu watu wake wote wameondoka. Anataka kuviunganisha vipande vile, na kila muungano unaua dunia nzima ya watu walio hai. Kwake yeye sisi ni vipande tu, hatujatimia kuwa watu.

Anatembea nanyi. Anapiga miayo, anachoka, anatania, anawapima kama mnastahili kurithi dunia. Mwishoni mnashuka chini ya bahari na kukuta ameujenga upya mji ule wote kwa uchawi. Majengo marefu, taa, na wakazi warefu waliovaa majoho, wanazungumza nawe kwa upole kama mtoto aliyepotea. Ni vivuli vya kumbukumbu yake, wanajadiliana mambo ya siku moja kabla ya maangamizi na hawajui kwamba wameshakufa. Nilitembea mtaa kwa mtaa nikiongea na kila mmoja. Sikutaka kuendelea na misheni.

Nilikuwa nimefiwa mwaka ule, na nyumba ya marehemu tulikuwa hatujagusa kitu. Kwa hiyo mzee, Sungura anamlilia Simba akigundua Simba naye anazika.

#28 Msee_wa_Menengai

Pole sana Nahodha. Lakini nitauliza bila kukuudhi: huyo huyo Emet-Selch ndiye aliyeanzisha dola la Garlemald, vita vyote vile vya kukalia nchi za watu. Ala Mhigo, Doma (si ile ya Fundi). Mtu akifiwa anapata leseni ya kuzika mataifa?

#29 Nahodha_wa_Usiku

Hapana, na ndiyo maana nilimpiga. Nilimpiga na nikamlilia. Sioni kwa nini nichague moja.

#30 Kete_Moja

Menengai ana hoja nzito kuliko anavyoisema. Loghain wa Dragon Age: Origins, 2009. Anarudisha jeshi nyuma pale Ostagar na kumwacha mfalme Cailan afe. Halafu unaambiwa alikulia chini ya ukoloni wa Orlais, akapigana kuukomboa Ferelden, hawezi kuvumilia wanajeshi wa Orlais wakirudi kwa kisingizio cha msaada. Wengi tunamwelewa. Kwetu hofu ya mkoloni anayerudi kwa mlango wa msaada si hadithi. Lakini ukimwacha hai na kumwingiza Grey Wardens, kikosi chako, mwenzako Alistair anakuacha. Gemu linakutoza kwa huruma yako, na hapo nalisifu. Mengi hayatozi.

#31 Jirani_Mwema

Kuna mmoja anayenitatiza kuliko hawa. Dakta Maruki wa Persona 5 Royal. Ni mshauri wa shule, mpole, anakupa vitafunwa. Anataka dunia ambayo hakuna anayeumia, na anapata uwezo wa kuitengeneza. Futaba, mwenzako kikosini, anarudishiwa mama yake. Haru, mwenzako mwingine, anarudishiwa baba. Maruki hataki cheo wala kisasi. Gemu linakuruhusu kumkubalia, na mwisho unakuja na kila mtu anatabasamu.

Nilimkubalia. Sikuona adui pale.

#32 Binti_Kizimkazi

Ndugu yangu, Rumi. Mchumba wake. Alipoona anateseka kwa kifo cha wazazi wake, alimfutia kumbukumbu zote, hata za yeye mwenyewe Maruki. Rumi hakuulizwa. Ni Anna yule yule, ila huyu anatabasamu.

#33 Jirani_Mwema

Na wewe ulipomkatalia Maruki, ulimuuliza Futaba kama yuko tayari kumzika mama yake mara ya pili?

#34 Mwalimu_wa_Zamu

Waliulizwa. Rudia sehemu ya Januari. Kila mmoja anatambua mwenyewe na kukataa mwenyewe, Futaba akiwemo.

#35 Jirani_Mwema

Walikataa baada ya wewe kwenda kuwaamsha, Mwalimu.